Gia boksi ya otomatiki ya motohomu (gari lenye nyumba ndani) ya zamani: ubadilishe ama uiwache?

Kabla ukimbie Grogan, kule kwa mafundi na spea Nairobi, washa injini ipate moto kisha chomoa dipstiki ya gia boksi. Oili ikiwa nyekundu bado kuna uhai, ikiwa kahawia na inanuka kuungua hapo ni kufungua gia boksi itengenezwe tu, mambo ya kuweka aina ingine wachana nayo kwanza.

Motohomu nyingi za Marekani za miaka ya 70 zenye shasi ya Chevrolet P30 zina gia boksi inaitwa Turbo 400, gia 3 pekee na ya mwisho ni 1 kwa 1, yaani injini na propela shafti zinazunguka sawa, sasa ukiwa Thika Road injini inalia tu na petroli inaisha ukiangalia. Watu watakwambia weka gia boksi ya 4L80E ju iko na gia ya nne ya 0.75, yaani injini inazunguka pole kuliko propela shafti, sawa, lakini hiyo inataka kompyuta, waya mpya, mara nyingi propela shafti ikatwe, na spea ni za kuagiza.

Kama safari zako ni Naivasha mi naona uiwache, ukirudi unapanda Mai Mahiu na mzigo hiyo gia ya nne hutaigusa. Joto ndio huua hizi gia boksi bana, weka redieta ndogo ya oili, filta mpya na geji ya joto. Ukiwa mtu wa Mombasa kila mara na fundi wako anaelewa waya, haya, badilisha.