Kupanda Uluguru hadi Morningside na kurudi Dar siku hiyohiyo

Mimi ni fundi viyoyozi. Wiki nzima nashinda juu ya mapaa ya watu Kariakoo na Upanga, na ikifika Jumapili nataka kupanda kitu kisicho na mabati. Tangu treni ya umeme ilipoanza kwenda Morogoro katikati ya 2024, karibu kila mwezi nakusanya watu wanne watano wa mtaani tunakwenda kupanda milima ya Uluguru hadi Morningside, penye nyumba ya zamani ya Wajerumani, jioni tunarudi kulala kwetu. Nimeandika hapa tunavyofanya, kwa sababu nimechoka kurudia maelezo yaleyale kwenye simu.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni "mnapitia wapi?" Njia haina shida. Wangeuliza "mnageuza saa ngapi?" wangekuwa wamegusa penyewe.

Hatua ya 1: Kata tiketi ya kurudi kwanza

Ndiyo, ya kurudi. Ukianza na ya kwenda utachagua treni ya asubuhi kwa furaha zote, halafu ukija kutafuta ya jioni ukute Jumapili imejaa, maana wote waliokwenda kwao Ijumaa nao wanarudi siku hiyo. Chagua treni ya jioni, kisha hesabu kinyumenyume: saa nzima ya kuwahi stesheni, nusu saa ya kutoka mjini, saa mbili za kushuka mlima, saa moja ya kukaa juu, saa tatu za kupanda. Kinachobaki ndicho kinachokuambia upande treni ipi asubuhi. Kwa kawaida jibu ni ile ya kwanza kabisa.

Tiketi unakata kwenye tovuti ya TRC, Shirika la Reli Tanzania: unajaza jina na namba ya kitambulisho, unapewa namba ya malipo, unalipia kwa simu. Nauli ya daraja la kawaida ilipoanza ilikuwa shilingi 13,000 kwa mtu mzima. Tazama ya sasa kabla hujaanza kuchangisha watu. Kisha changisha mapema. Mtu ambaye hajalipa hadi Alhamisi haendi, hata akiapa kwa mama yake.

Ukiweza kuchagua kiti, kaa dirishani, mkono wa kushoto kwa anayetazama mbele. Ukishapita Ngerengere milima inaanza kujitokeza upande huo, mwanzoni kama wingu lililolala chini, na mtu wa Dar aliyezoea tambarare hunyamaza kidogo.

Hatua ya 2: Chagua mwezi

Juni hadi Septemba ndiyo miezi yangu. Kuna kipupwe, njia ni kavu, na mji unauona wote kutoka juu. Masika usiende. Sikatazi kwa sababu ya kulowa, nguo zinakauka. Udongo wa kule ni mwekundu, ukilowa unakuwa sabuni, na mteremko ni mkali. Vuli unaweza kubahatisha, ila ukiona asubuhi kofia ya ukungu imefunika mlima hadi katikati, jua kwamba utapanda saa tatu kwenda kutazama weupe.

Hatua ya 3: Funga begi dogo

Maji lita mbili kwa kila mtu. Chakula cha kula kwa mkono: chapati, mayai ya kuchemsha, mihogo ya jana, chochote kisichomwagika. Sweta, hata kama unatoka Dar unachuruzika jasho. Pesa taslimu za noti ndogo. Viatu vyenye meno chini. Raba zilizosagika soli ziache kwa ajili ya mpira. Kandambili moja, nitaeleza mwishoni kwa nini.

Spika usibebe. Nimeshawahi kupanda na mtu aliyebeba spika.

Hatua ya 4: Fika stesheni mapema, kunywa chai Morogoro

Mizigo inapita kwenye mashine ya ukaguzi kama uwanja wa ndege na foleni ya asubuhi si ya mchezo, kwa hiyo saa nzima kabla si uoga. Safari yenyewe haifiki hata saa mbili na nusu, na ya haraka ni pungufu ya hapo. Basi lilikuwa linakula nusu siku. Ndiyo maana zamani Morogoro ilikuwa safari ya kulala.

Stesheni mpya iko nje ya mji, Kihonda, kwa hiyo utahitaji daladala au bajaji hadi katikati. Patana bei kabla ya kupanda, na sema kabisa mko wangapi. Mkifika mjini msikimbilie mlima: tafuteni supu au chai na vitafunwa, mwende na chooni, kwa sababu huko mbele choo ni cha kuomba kwenye nyumba ya mtu. Wenyeji wanauita mji wao "mji kasoro bahari" na wanasema kwa kujigamba kweli. Mbishie kidogo muuza chai, utaongezewa andazi.

Hapohapo tafuta kijana wa huko wa kuwaongoza. Njia ya Morningside unaweza kuifuata peke yako, lakini vichochoro vya mkato viko vingi kati ya mashamba, na kundi la wageni wenye simu nzuri mkononi wasio na mwenyeji halipendezi. Bei mkubaliane chini, si juu. Msitu wa hifadhi unaanza juu ya mashamba. Ukitaka kuingia ndani yake au kwenda kileleni Bondwa, lazima upate kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, na hilo ni jambo la kushughulikia kabla ya wikiendi.

Bodaboda watakuambia wanafika hadi juu. Ni kweli wanafika. Mimi nilishuka nikiwa natetemeka zaidi kuliko ningetembea.

Hatua ya 5: Panda kama wanaoishi huko

Hapa ndipo watu wa mjini wanaharibu. Njia inatoka mjini, inapita maeneo ya Boma, na mara moja inaanza kuinuka. Vijana wangu hutoka kwa kasi ya mechi, na baada ya dakika ishirini utawakuta wamekaa kwenye jiwe, mkono kiunoni, wanasema wanasubiri wengine.

Watazame kina mama wanaoshuka. Asubuhi wanatoka juu na matenga ya ndizi, karoti na mboga kwenda sokoni, mzigo kichwani juu ya ngata, wengine pekupeku. Hawakimbii na hawasimami. Hatua ni fupi, mguu wote unakanyaga chini pamoja na kisigino, magoti yamelegea kidogo, na kichwa hakiyumbi hata tone. Fanya vivyo hivyo ukipanda: hatua fupi kuliko unavyotaka, kisigino kiguse chini. Ukitembelea vidole, mashavu ya miguu yatawaka moto kabla hujafika nusu. Kipimo changu ni mdomo: ukishindwa kumaliza sentensi moja bila kuhema, umezidisha mwendo.

Ukikutana na mwenye mzigo, mpishe. Simama upande wa mlima, usisimame upande wa korongo, umwachie njia aliyoizoea. Na salimia. Usipite na "mambo" kwa mtu mwenye umri wa bibi yako. Sema shikamoo, subiri marahaba, ndipo uendelee. Safari moja mwenzetu mmoja alijitaja kuwa Mnyamwezi, basi mzee mmoja aliyekuwa anapalilia magimbi akatupa jembe chini: "Mtani wangu umekuja kuniibia kuku?" Tulipoteza dakika kumi pale kwa matusi ya kirafiki, tukapewa ndizi mbivu mkungu nusu. Ratiba yangu ina nafasi ya vitu kama hivyo.

Jambo jingine: ukitaka kupiga picha kwenye shamba, omba, na umwombe mwenyewe. Kwa Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama. Usidhani mwenye kauli ni yule baba aliyekaa kivulini. Mara nyingi ni yule mama mwenye jembe.

Utaona jinsi mashamba yalivyoning'inia kwenye miteremko hadi unajiuliza mtu analimaje bila kujifunga kamba. Serikali ya mkoloni nayo ilijiuliza, miaka ya hamsini ikawalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi. Mwaka 1955 watu wa Matombo, upande wa pili wa milima hii, wakachafuka na kukataa. Huwa nawasimulia wenzangu hapo tunapopumzika, kwa sababu panapohitaji mapumziko panahitaji pia hadithi.

Na utasikia maji muda wote. Mto Morogoro unashuka kwenye korongo hapo kando, unakwenda kuingia Ngerengere, Ngerengere inaingia Ruvu, na Ruvu ndiyo inayochotwa kuletwa Dar. Kuna dada mmoja wa Mbagala tulipanda naye, bomba la kwao linatoa maji mara mbili kwa wiki. Nilipomwonyesha ule mto alikaa akautazama muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe unaanzia hapa kunitesa."

Hatua ya 6: Morningside

Utaiona nyumba ya zamani ya Wajerumani, ya mawe, imekaa kwenye bega la mlima kama mtu aliyechoka akaamua hapa panatosha. Upepo unabadilika ghafla. Hapo sweta linatoka kwenye begi, na wale walionicheka stesheni wanaanza kuniuliza kama nina la ziada.

Kaa upande unaotazama mji. Chini unaona mabati ya Morogoro yanang'aa, mlima Mindu kwa mbali, na bwawa la Mindu chini yake. Nyuma yako ni msitu. Milima hii ni ya Tao la Mashariki, mnyororo unaoanzia Taita kule Kenya hadi Udzungwa, na ina viumbe vyake yenyewe; yuko ndege mmoja ambaye duniani kote anaishi Uluguru tu. Mimi sijamwona. Wazungu wenye darubini niliowakuta pale nao walikuwa hawajamwona, na walikuwa wamelala siku tatu.

Kuleni, mpumzike, mbebe taka zenu zote. Kuna watu watashikwa na tamaa ya kuendelea hadi minara ya Bondwa, kwa kuwa inaonekana iko palepale. Haiko palepale. Ni safari nyingine, yenye siku yake na kibali chake.

Stroberi zikiwa za msimu mtauziwa njiani. Nunua wakati wa kushuka, karibu na mji, usije ukazibeba kutoka juu.

Hatua ya 7: Geuza saa saba mchana, hata kama hujafika

Hii ndiyo sheria pekee ninayogombania na watu. Saa saba ikigonga mnageuza, mmefika au hamjafika. Naijua kwa kulipia. Safari yangu ya pili tulifika juu saa nane, tukajiambia kushuka ni rahisi. Kushuka si rahisi: magoti yanabeba kila kitu, na aliyepanda vizuri huanza kuchechemea. Mwenzetu mmoja aliteleza akateguka kifundo, tukamshusha kwa zamu. Treni ilitoka tukiwa bado kwenye bajaji, stesheni tunaiona. Tukaenda stendi ya mabasi ya Msamvu tukapata basi la mwisho mwisho, viti vya nyuma, na kutoka Kibaha tukaikuta foleni. Nilifungua mlango wangu saa saba usiku, kesho yake saa mbili asubuhi nilikuwa juu ya paa la mteja.

Ukishuka, pinda magoti na utembee kwa mshazari pale njia inapokuwa pana, badala ya kushuka moja kwa moja. Kata fimbo kavu iliyoanguka, ikufikie kiunoni. Simu mfukoni. Wengi wanaoanguka huwa wanatazama video waliyopiga juu.

Hatua ya 8: Osha miguu kabla ya stesheni

Stroberi ziwekwe kwenye kopo gumu lenye mfuniko, siyo kwenye mfuko wa karatasi. Nilishavaa suruali yenye ramani nyekundu toka Ngerengere hadi Dar, na watu wakanihama kiti.

Viatu navyo. Mtakapofika mjini mtakuwa mmejaa tope jekundu hadi kwenye vifundo, na stesheni ina vigae unavyoweza kujitazama uso. Omba ndoo ya maji pale ulipokunywa chai asubuhi, osha miguu, viatu vifunge kwenye gazeti na uvitie begini, kisha vaa zile kandambili. Mlinzi wa mlangoni ananifahamu sasa. Hutazama miguu yangu kwanza, halafu tiketi.