Kabwawa ka kwanza nyuma ya nyumba: hangaika na ukingo kwanza, shimo baadaye

Watu wengi wakishapata wazo la kuweka kabwawa nyuma ya nyumba, kitu cha kwanza ni kushika jembe. Asubuhi mtu keshaanza kuchimba, jioni ana shimo, ana rundo la udongo, ana mgongo unauma na hajui hata maji yataishia usawa gani. Sasa kuchimba ndo kazi nyepesi kuliko zote hapa, inachosha tu. Kinachokuja kukusumbua baadaye ni ukingo, yaani ule mzunguko wa juu ambapo maji yanakutana na ardhi, ukiwa sawa bwawa linakaa miaka bila kelele, ukiwa umepinda hata kidogo utakuwa unaongeza maji kila siku na kulaumu plastiki uliyotandika chini imetoboka kumbe plastiki ya watu haina kosa.

Kwa hiyo kabla hujagusa udongo zunguka kwanza uwanja wako siku kadhaa uangalie jua linapiga wapi na kwa muda gani, na mvua ikinyesha maji yanakimbilia wapi. Jua la kama masaa manne mpaka sita kwa siku linatosha kabisa, likipiga kutwa nzima maji yanachemka na kugeuka kijani, lisipofika kabisa yungiyungi hazitoi maua. Pale chini kabisa ya uwanja ambapo maji ya mvua yanatuama panavutia sana, unaona kama bwawa lishajichagulia mahali, lakini paache. Kila mvua itakuletea tope na mbolea na dawa zote ulizopiga bustanini, na maji ya chini ya ardhi yakipanda yanaweza kuinua plastiki ikavimba katikati. Chini ya mti nako hapana, mizizi itasukuma na majani yatadondoka yaoze humo humo yamalize hewa ya samaki. Na uliza mabomba na nyaya zimepita wapi chini ya ardhi kabla ya sururu kuzipata yenyewe.

Halafu watoto. Hili sitalizungusha, mtoto anayeanza kutembea anazama kwenye maji ya sentimita chache tu na hapigi hata kelele. Kama unao nyumbani au wa jirani wanaingia ingia hovyo, weka uzio wenye geti linalojifunga au wavu mgumu wa chuma juu ya maji unaobeba uzito wa mtoto, au subiri wakue. Na wavu usiwe mbadala wa kumwangalia mtoto.

Ukubwa sasa. Wengi wanaanza na kadogo wakidhani ndo rahisi, ni kinyume chake. Maji machache yanapata moto haraka, yanapoa haraka, samaki mmoja akila vibaya yote yananuka. Kama nafasi ipo nenda mita 3 kwa 2 hivi, kina cha sentimita 60 sehemu ya katikati, hapo samaki wadogo wanaishi vizuri. Wale samaki wakubwa wa mapambo wanaoitwa koi wasahau kwa sasa, wanataka zaidi ya mita moja ya kina na maelfu ya lita na filta ya maana. Chukua kamba au mpira wa kumwagilia, uulaze chini uchore umbo unalotaka, uuache hapo siku mbili tatu, uangalie kutoka dirishani, upite pembeni yake na toroli, utashangaa utakavyousogeza. Umbo liwe la mviringo mviringo tu la kawaida, kona nyembamba zinaleta mikunjo mingi na maji ya kwenye kona hayatembei.

Ya kutandika chini, yaani laina, iko ya aina nyingi, kuna mpira ule mzito mweusi wa unene wa milimita 1 hivi ambao unanyumbuka na unadumu sana kuliko mingine, kuna laina za plastiki za mabwawa ambazo ni ngumu ngumu kukunja ila zinafanya kazi, na kuna turubai la kawaida ambalo jua litalimaliza kabla hujalifurahia. Zege pia lipo lakini kwa bwawa la kwanza mimi siliungi mkono, linapasuka ardhi ikicheza kidogo na saruji mpya inatoa chokaa inayopandisha pH (kipimo cha ukali wa maji) mpaka samaki wanakufa, lazima uloweke umwage uloweke umwage au upake dawa ya kuziba.

Kipimo cha laina ni hivi: urefu jumlisha kina mara mbili jumlisha sentimita 30 za akiba kila upande. Kwa bwawa letu la mita 3 kwa 2 lenye kina cha 0.6, urefu ni 3 + 1.2 + 0.6 inakuja mita 4.8, na upana ni 2 + 1.2 + 0.6 inakuja 3.8. Usibane hapo, kipande kikipungua hakuna cha kufanya. Lita nazo, 3 × 2 × 0.6 ni mita za ujazo 3.6 yaani lita 3,600, ila kwa kuwa kuta zinalala na kuna ngazi ngazi ndani chukua kama theluthi mbili yake, lita 2,400 hivi. Iandike namba hii mahali maana pampu na dawa zote utazipima kwa hiyo.

Sasa ukingo wenyewe. Piga vigingi kuzunguka mchoro wako, kila mita moja hivi kigingi. Kama una ubao mrefu mnyoofu na pima maji unaweka ubao juu ya kigingi cha kwanza na cha pili, unagonga mpaka povu likae katikati, unahamia cha pili na cha tatu mpaka unarudi ulikoanzia, na ukifika mwanzo lazima uvipime cha mwisho na cha kwanza kwa sababu kosa dogo dogo hujumlishana njiani. Kama ubao haufiki tumia mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha ndani, ujaze maji usiache povu la hewa hata moja, mtu mmoja ashike ncha moja kwenye kigingi cha kwanza wewe utembee na ya pili. Maji ya ncha zote mbili hukaa kimo kimoja hata kama mpira umejikunja katikati, kwa hiyo yakishatulia weka alama ya kalamu pale yalipofika kwenye kila kigingi. Hapo ndo utaona uwanja uliodhani uko sawa una mteremko wa sentimita 5 au 10. Huo mteremko maana yake upande mmoja maji yanamwagika na upande wa pili laina iko uchi inakutazama, na hakuna ua litakaloficha hiyo kitu. Dawa ni kushusha upande wa juu, sio kurundika udongo mlegevu upande wa chini, maana udongo wa kurundika utatitia mvua ya kwanza, na kama huna jinsi lazima ujaze basi shindilia tabaka kwa tabaka.

Vigingi vikishakaa ndo uchimbe. Anza na kina cha sentimita 20 mpaka 30 eneo lote, halafu acha ngazi ya upana wa sentimita 30 hivi pembeni kwa ajili ya mimea, ndani yake ndo ushuke mpaka 60. Kuta zilale kidogo, zisisimame wima, udongo wa kichanga ulale zaidi la sivyo utabomoka usiku ukute shimo limejifukia. Upande mmoja acha mteremko wa taratibu kabisa ili chura au ndege au paka wa jirani akiingia aweze kutoka. Udongo wa juu ule mweusi weka kivyake utautumia bustanini.

Shimo likiisha ingia ndani ulipapase kwa mkono, kweli kweli kwa mkono, kila jiwe na kila kijiti cha mzizi kitoke. Mwaga mchanga laini wa kama sentimita 5 chini, na kwenye kuta ambako mchanga haukai tandika zulia kuukuu au kitambaa kizito. Laina iache juani kwanza ilainike, muwe watu wawili watatu, mvue viatu, mlaze bila kuivuta. Fungulia maji taratibu na yakiwa yanapanda wewe unakusanya mikunjo, afadhali mikunjo mikubwa michache kuliko vikunjo mia. Usiikate sasa. Nimeona mtu anakata pembeni iwe nadhifu kabla ya kujaza, maji yakaivuta ndani, basi. Jaza, iache ikae siku moja nzima, ndo ukate ukibakisha zile sentimita 30.

Mwisho wa laina usiulaze tu chini ukafukia na udongo. Uinue wima nyuma ya mawe ya ukingo, ncha ibaki juu ya usawa wa maji, kwa sababu udongo au nyasi zikigusa maji ya ndani zinanyonya pole pole mchana na usiku, huoni maji yakimwagika popote lakini asubuhi yamepungua. Mawe yenyewe yachungulie kidogo juu ya maji, sentimita 3 mpaka 5, yafiche laina isipigwe na jua. Bwawa likikupa wasiwasi kwamba linavuja, chukua ndoo ijaze maji, iweke ngazini humo humo bwawani, weka alama ndani ya ndoo na alama bwawani, zima pampu. Baada ya siku moja zikishuka sawa ni jua tu linakausha. Bwawa likishuka zaidi anza kukagua mawe na mikunjo ya pembeni kabla ya kufikiria tundu.

Pampu, chukua inayozungusha maji yote kila saa moja au mbili, kwa lita 2,400 ni pampu ya lita 1,200 mpaka 2,400 kwa saa. Ila soma kwenye boksi inapandisha maji mpaka kimo gani, kama una maporomoko kadiri yanavyokuwa juu ndo pampu inavyotoa kidogo. Ipandishe juu ya tofali isinyonye tope la chini. Umeme mwite fundi, akufungie swichi inayokata yenyewe umeme ukivuja, ile ya miliampia 30, na hata hivyo ukitaka kutia mkono majini chomoa kwanza.

Maji ya bomba yana klorini, ukiyaacha siku mbili tatu yakizunguka inaondoka, lakini sehemu nyingine wanaweka kloramini ambayo haiondoki kwa kusubiri, hapo nunua dawa ya kuiua kwenye duka la samaki. Weka mimea mapema, ya ndani ya maji ya kutoa hewa, yungiyungi katikati, na ya pembeni kwenye ngazi. Lengo ni majani yafunike kama nusu ya uso wa maji. Panda kwenye vyungu vyenye udongo mzito na kokoto juu, mbolea ya samadi usiweke. Gugumaji usilete hata kama linatoa ua zuri na unapewa bure, linazaana vibaya mno na likitorokea mtoni hutalirudisha.

Wiki za mwanzo maji yatakuwa kijani, wakati mwingine kama supu ya mchicha. Usiyamwage! Ukimwaga unaanza upya, maji mapya yanaleta chakula kipya cha mwani, vile vijimea vinavyoyafanya kijani, na yanageuka tena. Subiri mimea ishike.

Samaki ndo mwisho, na hapa uvumilivu unawashinda wengi. Kinyesi cha samaki kinatoa amonia ambayo ni sumu, kuna bakteria wanaoibadilisha kuwa nitriti, nayo sumu, halafu wengine wanaifanya nitrati ambayo mimea inakula. Hao bakteria wanachukua kama wiki 4 mpaka 6 kujaa kwenye filta na mawe, na bila chakula hawaji, kwa hiyo anza na samaki wawili watatu wadogo, lisha kidogo sana, pima amonia na nitriti kwa vile vipimo vya matone, zikishatulia kwenye sifuri ndo uongeze. Mfuko wa samaki uuache uelee dakika 15 hivi joto lilingane, uwachanganyie maji ya bwawa kidogo kidogo, uwatoe kwa wavu, yale maji ya dukani usimwage bwawani.

Mbu? Kwenye joto yai la mbu linakuwa mbu mzima ndani ya kama siku 7 mpaka 10, kwa hiyo kipindi hicho cha kusubiri samaki maji yasitulie, pampu itembee muda wote, na kona zilizotuama pitisha chujio utoe viluwiluwi. Samaki wakishaingia watavila wenyewe, ilimradi huwashibishi. Kulisha ni kiasi wanachomaliza kwa dakika 2 au 3, kinachobaki kinaelea kitoe.

Baada ya hapo kazi ni ndogo. Majani yakidondoka yatoe, filta ioshe kwa maji ya bwawa lenyewe uliyoteka kwenye ndoo maana ya bomba yenye klorini yanaua bakteria, na ukibadilisha maji usizidishe robo kwa mara moja. Tope la chini lipunguze mara moja kwa mwaka kwa kopo la mpini mrefu, liache usiku mmoja pale pembeni ili konokono na wadudu walionaswa warudi majini, halafu mwagia kwenye maua.