Kabla ya kupeleka programu za ofisi Faza

Boti ya kwenda Faza, kisiwani Pate, husubiri maji yajae ndipo ipite mlango wa bahari wa Mkanda. Ukifika na flashi yenye faili isiyokubali kuingia, huwezi kurudi Lamu siku ile kuchukua nyingine. Mimi limenifika. Nilibeba LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia nyaraka, ya biti 64, kumbe kompyuta ya madrasa ina mfumo wa Linux wa biti 32. Walimu wamekaa, mitihani inangoja kuchapwa, nami sina la kuwapa. Tangu hapo siondoki gatini kabla sijaijua mashine ninayoiendea.

Kuijua si kazi kubwa. Aliye karibu na kompyuta afungue terminali (dirisha la kuandikia amri) aandike `uname -m`. Jibu likiwa x86_64, ni biti 64. Likiwa i686, ni biti 32. Kisha aandike `cat /etc/os-release`, ataona jina la mfumo na toleo lake. Mwambie aipige picha skrini akutumie, maana kusomewa herufi mojamoja kwenye simu huleta makosa. Wenyewe LibreOffice waliacha kutoa vifurushi (faili za kuwekea programu) vya Linux vya biti 32 tangu toleo la 6.3, mwaka 2019. Kwa mashine kongwe tegemea hazina ya programu ya mfumo wenyewe. Debian 12, mmojawapo wa mifumo ya Linux, bado ina LibreOffice ya biti 32.

Linalowakwamisha wengi ni vifurushi. Debian, Ubuntu na Linux Mint hutumia .deb, Fedora na openSUSE hutumia .rpm, FreeBSD si Linux kabisa, ina pkg yake. Programu ni ile ile, ila kila mfumo una mahali pake pa kuweka mafaili, na orodha yake ya vitu vingine ambavyo lazima viwepo kwanza. Ukibeba kifurushi kimoja ukaviacha vile kinavyovitegemea, hakisimami. Amri ya `apt-get install --download-only libreoffice` hushusha vyote vinavyokosekana na kuviweka /var/cache/apt/archives. Lakini angalia: ni vinavyokosekana kwenye kompyuta yako wewe, si ile ya Faza. Ifanye kwenye mashine yenye toleo lile lile la mfumo, iliyowekewa mfumo upya, ambayo haijaongezwa kitu.

Huna mashine ya namna hiyo? Shusha furushi la LibreOffice kutoka tovuti yao. Ni megabaiti 200 hivi, lina .deb au .rpm zote ndani, nalo hujiweka peke yake chini ya /opt. Toleo la zamani liondoe kwanza, la sivyo mwalimu ataona Writer mbili kwenye menyu asijue afungue ipi. Ukimaliza kushusha, toa namba ya kuthibitisha faili kwa amri ya `sha256sum`, uilinganishe na iliyo kwenye tovuti. Mtandao ukikatika katikati, faili huweza kuonekana zima na kumbe limeharibika. AppImage nayo ni programu nzima ndani ya faili moja tu, unalipatia ruhusa ya kuendeshwa na kulifungua, ila kuanzia Ubuntu 22.04 beba na kifurushi cha libfuse2 inachokitegemea.

Fonti, yaani maumbo ya herufi, zisisahauliwe, nasema hili kwa uchungu. Karatasi ya mtihani iliyoandikwa kwa Calibri ikifunguliwa kwenye mashine isiyokuwa nayo, mistari husogea na swali la mwisho likaangukia ukurasa wa pili. Carlito ina vipimo sawa na vya Calibri, Caladea vya Cambria, na Liberation hushika nafasi ya Arial na Times New Roman. Kwetu kuna la ziada: maalimu wengi huandika Kiarabu, na wapo wanaoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Wapelekee fonti ya Kiarabu ya Scheherazade New, uwashe uandishi wa kulia kwenda kushoto katika mipangilio ya lugha, kisha mwombe maalimu mwenyewe aandike mstari mmoja. Yeye ataona kosa la herufi ambalo fundi halioni.

Kabla hujagusa chochote, nakili nyaraka zao zote pamoja na folda ya ~/.config/libreoffice kwenye flashi ya pili, si ile yenye vifurushi. Na mashine iwe na nafasi ya gigabaiti 2 hivi. Amri ya `df -h` itakuonyesha.

Ukishaweka, fungua karatasi ya mtihani wa muhula uliopita, uichape kwa printa yao, uihesabu kurasa pamoja nao. Fanya hivyo mapema, maji hayajaanza kutoka.