Somo: Kutafuta ardhi iliyoganda kwenye miteremko ya volkano

Ramani nyingi huchora ardhi iliyoganda kama mkanda mmoja uliouzunguka mlima, kimo kilekile pande zote. Kwenye volkano mkanda huo unapotosha sana. Mfano wetu ni Klyuchevskaya Sopka, huko Kamchatka, Urusi, yenye kimo cha takriban mita 4,750.

Ardhi iliyoganda daima ni ile inayokaa nyuzi 0 au chini yake kwa angalau miaka 2 mfululizo. Si lazima iwe na barafu. Hata mwamba mkavu huhesabiwa.

1. Anza na hewa. Kila upandapo mita 1,000, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6.5. Tafuta kimo ambapo wastani wa mwaka ni 0, lakini usiishie hapo.

2. Angalia jua. Kamchatka iko kaskazini mwa ikweta, hivyo mteremko unaoelekea kaskazini hupata jua kidogo, na ardhi iliyoganda huteremka zaidi.

3. Chimba. Wengi huiruka hatua hii, nami naiona ndiyo kuu. Chota konzi ya skoria, yaani vipande vya mwamba vilivyotapikwa na volkano: ni nyepesi, imejaa vitundu vyenye hewa, kwa hiyo joto la kiangazi halipenyi mbali. Jivu nalo lina tabia mbili. Likiwa jembamba juu ya theluji, hunyonya jua na kuiyeyusha upesi. Likiwa nene, huwa blanketi, na theluji iliyo chini yake yaweza kudumu miaka mingi.

4. Pima chini ya theluji mwishoni mwa majira ya baridi. Zamisha kipimajoto mpaka kiguse ardhi. Ukisoma chini ya −3, yaelekea ardhi imeganda. Juu ya −2, yaelekea haikuganda. Katikati, rudia mahali pengine.

5. Matundu ya mvuke na ardhi yenye joto uviondoe kwenye ramani, hata vikiwa karibu na kilele.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, theluji iwe na kina gani?*
Sentimita 80 au zaidi, ndugu yangu. Ikiwa nyembamba, baridi ya usiku mmoja hupenya, nawe utakuwa umepima hewa badala ya ardhi.

*Je, volkano za nchi za joto hazina kabisa?*
Zipo zilizo nayo. Mauna Kea, Hawaii, ina mita 4,200 hivi, na katika miaka ya 1970 ilithibitishwa kuwa na ardhi iliyoganda ndani ya kasoko ya skoria kileleni. Kuta hutia kivuli, hewa baridi ya usiku hutuama chini, na skoria huihifadhi.