Jinsi ya kujenga jalada la ufundishaji ukiwa mwanafunzi wa uzamivu Marekani

Wiki iliyopita nilikaa jioni nzima na dada mmoja aliyefika hivi karibuni kutoka Morogoro kuja kusoma uzamivu. Idara yake imempa darasa la Kiswahili la mwaka wa kwanza, naye hajawahi kumfundisha mtu asiyejua hata "habari". Aliniuliza ajifunzeje kufundisha, tena siku ya kuomba kazi awe na cha kuonyesha, yaani jalada la ufundishaji: mkusanyiko wa ushahidi wa jinsi unavyofundisha. Haya ndiyo tuliyopitia pamoja.

Hatua ya 1: Kituo cha ufundishaji

Hiki ni kitengo cha chuo kinachowasaidia walimu kufundisha vizuri zaidi. Vyuo vingi vikubwa vya Marekani vinacho; cha Chuo Kikuu cha Michigan kilianzishwa mwaka 1962. Kwa kawaida huduma zao ni bure kwetu. Jiandikishe kwenye barua pepe zao leo. Kama unasoma sayansi, uliza kama chuo chako ni mwanachama wa CIRTL, mtandao wa vyuo unaowaandaa wanafunzi wa uzamivu kufundisha sayansi, ulioanzia Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison mwaka 2003. Mtandao huo una ngazi tatu, na ya juu inakutaka uchunguze ufundishaji wako kama unavyofanya utafiti, kisha uwasilishe matokeo.

Hatua ya 2: Chagua cheti kimoja

Kati ya vyeti vya ufundishaji, chukua kile kinachodai mtu aje darasani kukutazama. Vyeti vya kuhudhuria semina tu viache. Vinakula Ijumaa zako na havibadilishi chochote ubaoni. Kama uko kwa viza ya mwanafunzi ya F-1, kumbuka kazi za kulipwa chuoni hazipaswi kuzidi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Ukipewa nafasi ya malipo kituoni, nenda kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni.

Hatua ya 3: Somo la majaribio

Unafundisha dakika chache mbele ya wenzako, mnajadili, unarudia. Mbinu hii ilianzia Stanford mwaka 1963. Omba kurekodiwa.

Hatua ya 4: Alika mtu akutazame

Mwalike mapema, kabla hujajiona uko tayari. Siku yangu nilikuwa nafundisha ngeli ya KI-VI. Niliandika "kitabu" ubaoni, nikauliza wingi wake ni nini, kabla hata chaki haijatulia nikajibu mwenyewe: "vitabu". Mama niliyemwalika kunitazama alikaa nyuma, saa mkononi. Baada ya kipindi alinionyesha karatasi yake: maswali kumi na manne, na mengi niliyasubiria sekunde moja. Akanieleza kuwa mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe aliliona jambo hilohilo kwa walimu wa sayansi miaka ya 1970, na kwamba wakisubiri sekunde tatu majibu ya wanafunzi yanarefuka na wanaojibu wanaongezeka. Kipindi kilichofuata niliuliza wingi wa "kiatu", nikahesabu kimoyomoyo. Kijana ambaye tangu muhula uanze alikuwa hajafungua kinywa alisema "viatu". Sijawahi kupata faida kubwa namna ile kwa saa moja ya mtu mwingine.

Mwombe mtazamaji wako aandike barua wiki hiyohiyo, angali anakumbuka.

Hatua ya 5: Mrejesho wa katikati ya muhula

Wiki ya tano au ya sita, karatasi bila majina, maswali mawili: nini kinakusaidia kujifunza, nini kibadilike? Natumia karatasi kwa makusudi. Fomu ya mtandaoni hujazwa na wachache, na mara nyingi ni wale wenye malalamiko. Kipindi kinachofuata waambie umesoma nini na utabadilisha nini.

Hatua ya 6: Hifadhi ushahidi

Hapa naomba uniwie radhi, nitaongea sana, maana hapa ndipo nilipopoteza siku tatu.

Niliweka kila kitu kwenye ukurasa wa kozi mtandaoni: maandalio ya masomo, mazoezi, maoni ya wanafunzi. Muhula ulipoisha ukurasa ukafungwa, na mimi kama msaidizi wa kufundisha nikaondolewa. Miezi minane baadaye tangazo la kazi likataka jalada la ufundishaji. Nilirudi kuokota vipande kwenye barua pepe za zamani na picha za ubao nilizopiga kwa simu. Mazoezi mengine hayakupatikana.

Kwa hiyo kila Ijumaa pakua ulichotengeneza wiki hiyo, ukiweke kwenye diski yako mwenyewe. Hifadhi ya mtandaoni ya chuo usiitegemee, kwa sababu akaunti inaweza kufungwa ukihitimu. Jina la faili lianze na tarehe. Tathmini za mwisho wa muhula zipakue kama PDF siku zinapotoka, zote, pamoja na zile zilizokuuma.

Kisha kuna sheria. FERPA, sheria ya Marekani ya mwaka 1974, inalinda kumbukumbu za wanafunzi, kwa hiyo alama za mtu na kazi yenye jina lake haviingii kwenye jalada. Kuziba jina kwa wino mweusi wakati mwingine hakutoshi: darasa la watu saba, insha inayotaja kijiji cha bibi yake, kila mtu anajua ni nani. Mwombe mwanafunzi ridhaa ya maandishi, na umwombe baada ya alama kutoka ili asihisi kulazimishwa. Vilevile, kama silabasi ni ya profesa, sema ni yake, na uonyeshe sehemu uliyoandika wewe.

Kitu chenye thamani kuliko vyote ni jozi: andalio la somo la zamani na lile ulilolirekebisha, na katikati yake sentensi mbili za kueleza kwa nini. Mimi naandika hizo sentensi kwenye daftari la mistari dakika tano baada ya kipindi, nikiwa bado mlangoni. Nimejaribu programu tatu za simu. Daftari limezishinda zote, kwa sababu programu nikiifungua naanza kusoma ujumbe.

Hatua ya 7: Tamko la ufundishaji

Haya ni maelezo yako mafupi ya jinsi unavyofundisha. Ukurasa mmoja, au miwili ukizidi sana. Anza na kipindi kimoja ulichofundisha kweli, ueleze ulifanya nini na wanafunzi walifanya nini. Yule dada alikuwa ameanza lake kwa kusema anaamini katika elimu shirikishi. Tulilifuta, akaandika jinsi alivyowapanga wanafunzi wake wauziane nyanya na vitunguu kama sokoni Kihonda, kwao Morogoro. Aya ilitoka kwa dakika ishirini.