Somo: Kupanga Shughuli Ndogo Zenye Lengo Katika Maktaba ya Umma

Ndugu wakutubi,

Kosa ninalolikuta mara nyingi, na ambalo mimi mwenyewe nililifanya nilipokuwa mgeni katika kazi hii, ni kupanga shughuli kabla ya kumjua anayepangiwa. Tunakodi viti na turubai, tunaalika mgeni rasmi, tunapiga picha, na wiki inayofuata wanaoketi mezani ni walewale wanafunzi wa kidato cha nne waliokuja na madaftari yao, wala rafu haijapungua kitabu.

Hatua ya 1: Lisome daftari la mahudhurio. Pitia kurasa za mwezi mzima, hasa safu ya saa za kuingia na kutoka, kwa kuwa hapo ndipo watu wanapojieleza bila kuulizwa. Katika maktaba yetu niliona watoto wa shule ya msingi wakiingia saa nane na nusu na kuondoka saa kumi na moja, mama zao wanapofunga meza sokoni. Hawakuja kusoma, walikuja kungoja, na hao ndio tulioanza nao.

Hatua ya 2: Andika lengo kwa sentensi moja. "Kukuza utamaduni wa kusoma" ni kaulimbiu ya kwenye bango. Lengo ni hili: "Kabla ya likizo ya Juni, watoto 15 wa darasa la pili wasome ukurasa mmoja wa hadithi kwa sauti bila kusaidiwa." Huduma ya maktaba ya ngamia iliyoanzishwa Garissa, Kenya, mwaka 1996 ilieleweka upesi kwa sababu ilijibu swali moja tu: wafugaji wanaohamahama watafikiwaje na vitabu?

Hatua ya 3: Tumia kilichopo. Mkeka unatosha. Ila hesabu nakala mapema, maana watoto 15 wakigawana kitabu kimoja, wa nyuma huambulia kuona jalada. Sisi huanza kwa "Paukwa!", nao wakishaitikia "Pakawa!" utulivu huja wenyewe, jambo ambalo kengele ya mezani haikuwahi kulifanikisha. Msomaji hukatisha hadithi pale panaponoga, kisha nakala huwekwa kwenye meza ya kuazimia, ili anayetaka kujua mwisho wake aende nayo nyumbani.

Hatua ya 4: Siku na saa zisibadilike. Dakika 40 kila Jumatano zinatosha.

Hatua ya 5: Pima kwa lengo lako. Idadi ya waliohudhuria ipelekwe kwenye ripoti, lakini wewe tazama kadi za kuazimia na umsikilize kila mtoto akisoma ukurasa wake.

Maswali ya washiriki

Swali: Mwalimu, maktaba yetu ina chumba kimoja, na wanaojiandaa na mitihani wanalalamikia kelele. Tufanyeje?
Jibu: Wana haki. Hamishieni mkeka barazani au chini ya mti, na mkikosa nafasi hiyo, tangazeni saa ya hadithi mlangoni wiki mbili kabla, ili anayehitaji ukimya apange siku yake.

Swali: Tunataka kuadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai. Je, hilo halipingani na somo lako?
Jibu: Halipingani, mradi siku hiyo itumikie kazi iliyokwisha kuanza. Wapeni watoto wa Jumatano nafasi ya kusoma na kutegeana vitendawili mbele ya wazazi wao, na meza ya kuandikisha wanachama iwe karibu na mlango wa kutokea.

Swali: Mwalimu mstaafu amejitolea kuendesha kipindi peke yake. Tumpokee?
Jibu: Mpokeeni kwa heshima, lakini mtumishi wa maktaba awepo wakati wote, kwani mtu mzima mmoja hapaswi kuachiwa watoto peke yake, hata kama tunamfahamu. Vilevile kubalianeni naye kwanza kwa miezi 3, kisha mkae pamoja na kadi za kuazimia mbele yenu kabla ya kuendelea.