Mradi wako wa programu huria unahitaji matoleo mangapi ya nembo?

Kabla sijakubali toleo lolote jipya, naipunguza nembo hadi pikseli 16 kwa 16, ukubwa wa aikoni ya kichupo cha kivinjari, kisha naiweka juu ya rangi nyeusi. Jina la mradi likiwa halisomeki, unahitaji toleo lisilo na maandishi. Mistari ikimezwa na weusi, unahitaji toleo jeupe. Hizo ni sababu halali. Mtu kupenda zambarau si sababu.

Swali zito zaidi ni nani aruhusiwe kuitumia. Debian, mradi wa mfumo endeshi huria, walilijibu vizuri, na nawapendea hilo: wana nembo ya matumizi huria ambayo yeyote anaweza kuitumia kuutaja mradi, na nyingine yenye chupa, kwa shughuli rasmi. Leseni ya nembo ikibana mno, madhara huwa makubwa. Mwaka 2006 Debian walikibadili kivinjari cha Firefox, walichokisambaza, jina kikawa Iceweasel, katika mzozo ulioanzia kwenye leseni ya nembo ya Firefox. Jina la Firefox lilirudi 2016.

Basi andika ruhusa waziwazi katika faili moja, kando ya faili za nembo za SVG (picha zisizopoteza ubora zikikuzwa), na utaje rangi kwa misimbo yake. Usipotoa toleo la usuli mweusi, watumiaji watajitengenezea lao, wengine wakiivuta nembo mpaka ipoteze umbo. Toleo la sikukuu nalo? Litumieni siku zake, lakini lisiingie kwenye folda rasmi.